Rukia Hawezi Kuuimbia Ukuta

Nikimwambia mtu kuwa mimi ni mstaafu, hunitazama kichwani kutafuta mvi. Atazitafuta sana. Nina miaka thelathini na mbili, meno yangu yote yamo, na nikipita dukani nikaona kinanda kimewekwa dirishani bado nasimama kukitazama kama mtoto aliyeona ubuyu. Lakini kustaafu nimestaafu kweli. Sikio langu la kulia limeanza kupiga filimbi lenyewe bila ya kuombwa, na daktari aliniambia kwa upole nichague moja: spika, au sikio lililobaki. Nimechagua sikio. Siku hizi namsaidia shangazi yangu kukaanga katlesi Forodhani, na naota kuanzisha redio ya watoto. Mnacheka? Chekeni tu. Hata kazi ya studio kwangu ilianza kwa kuota.

Nyinyi wadogo zangu mlioingia pale studio baada yangu mliniomba niwaandikie niliyojifunza. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo msitafute mpangilio humu. Nitaandika kama nnavyozungumza, na nikirukaruka mnivumilie.

Siku ya kwanza nilipanda zile ngazi za nyumba ya Bi Zamzam, kule Malindi ya Unguja mjini, nikiwa nimevaa nguo ya Sikukuu. Nilidhani studio ni pahala pa kung'ara. Nikamkuta Mzee Vuai kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, miwani imefungwa uzi, anachomelea waya. Yeye alikuwa fundi wa redio kabla hajawa fundi mitambo wa muziki.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe Mwanajuma unayetaka kazi? Ingia chumba kile, kaa, nitakuita."

Nikakaa. Baada ya muda akafungua mlango. "Umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mzee."

"Basi kaa tena."

Nikadhani ana lake kichwani. Nikakaa tena, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikasikiliza. Nikasikia friji la Bi Zamzam chini linatetemeka. Kunguru juu ya bati. Jirani anatwanga. Gari la mkono la wachukuzi linashuka kuelekea bandarini, gurudumu moja linalia. Aliporudi nilimtajia vyote, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, ndivyo alivyo mpaka leo.

"Hayo yote," akasema, "yanataka kuingia kwenye wimbo wa mtu. Wewe ndiye bawabu."

Hilo ndilo somo, na sijawahi kupata kubwa zaidi. Leo mna kompyuta inayoweza kufuta kunguru, nami nafurahi kwa ajili yenu. Ila kaeni kwanza chumbani mumsikie. Huwezi kumfuta usiyemjua.

Sasa niwaambie habari za kuta. Kuta za zile nyumba za mawe za zamani ni nene na zinazuia joto, lakini sauti ndani yake hurukaruka kama mpira. Tulitundika magodoro ya sufi, tukapigilia mikeka, tukaomba trei za mayai kwa wauzaji wa soko la Darajani. Sisimizi wakaja na trei. Kuna mpiga udi mmoja aliondoka katikati ya wimbo anajikuna, hakurudi mpaka wiki ya pili. Kwa hiyo trei za mayai zifutwe, zianikwe juani, ndipo zitundikwe. Hamtalikuta kwenye video za simu hilo.

Na mwangwi je? Nyinyi mnabonyeza kitufe. Sisi tulikuwa na birika. Chini ya nyumba ya Bi Zamzam kuna birika la zamani la kuwekea maji ya mvua, siku hizi kavu. Mzee Vuai aliteremsha humo spika ndogo na kipaza sauti, akaipeleka sauti ya mwimbaji chini ikazunguka mle, akaipokea juu ikiwa imeshiba. Jamani, sauti ile! Mtu mwenye sauti nyembamba alitoka na kifua. Masika moja tulirikodi wimbo wa harusi, tukauskiza, kumbe chura ameingia birikani na anaitikia kila ubeti. Bwana harusi alivyousikia akauliza, "Hii ala gani mpya?" Mzee Vuai akamjibu bila ya kucheka kwamba ni ala ya maji. Bwana harusi akataka iongezwe.

Jambo jingine ni adhana. Pale Malindi misikiti haiko mbali, mmoja ukianza mwingine unafuata. Tangu nimefika sikuwahi kumwona Mzee Vuai akianza kurikodi wakati umekaribia. Anazima, watu wanakwenda kusali, wanarudi na koo zimepumzika na hasira zimeshuka. Mabendi mengi yaliyokaribia kuvunjika yalipona kwa mapumziko hayo. Msiyafupishe.

Haya. Najua mnachokingoja. Mnataka habari ya albamu ya Vibatari.

Vibatari walikuwa vijana wa mjini waliokuwa wakifanya mazoezi kwa mwanga wa vibatari umeme ukikatika, jina likawaganda. Walivaa makoti ya baba zao yaliyopunguzwa mikono, walipiga kinanda cha mtumba chenye sauti za ajabu, ngoma za haraka, gitaa linalokwaruza kidogo, na juu yake maneno ya taarabu. Wazee wa barazani waliwaita wimbi jipya, mwanzo kwa kejeli. "Hilo wimbi jipya lenu litatuzamisha masikio," walisema. Wenyewe wakalichukua jina wakalivaa.

Kiongozi wao alikuwa Nassor, mpiga kinanda. Kijana mzuri, mwenye haraka. Na mwimbaji wao wa kike alikuwa Rukia, mtoto wa kijiji cha Matemwe, mama yake mkulima wa mwani. Rukia mwenyewe alikua akifunga mwani kwenye kamba, vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya seremala, na kuimba kajifunzia kwenye harusi za kwao. Nyimbo nyingi za albamu aliziimba Nassor. Moja tu ilikuwa ya Rukia, aliyoitunga mwenyewe kwa ajili ya mama yake. Nikuandikieni kidogo:

*Maji yakijaa pwani, mama hurudi na kamba,*
*Chumvi iko mikononi, hana neno la kutamba.*

Nyimbo zote ziliingia vizuri. Ya Rukia ikakataa.

Kwenye harusi nilimsikia msichana yule akiwatoa watu machozi. Akiingia chumba chetu, akivaa hedfoni, mbele yake kipaza sauti na nyuma yake godoro, sauti ilimtoka kama mtoto anayesoma tangazo. Hakukosea noti hata moja. Ila haikumgusa mtu. Tukapunguza taa. Tukamvua viatu. Nassor akamchekesha. Alicheka vizuri sana, kisha akaimba vibaya vilevile.

Na muda ulikuwa umebana. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na Bi Zamzam mwenye nyumba alikuwa na sharti lake la siku zote: mwezi ukiandama, hapana muziki nyumbani kwake mpaka Idi. Kuchanganya sauti kwa hedfoni alituachia. "Msichonisikilizisha mie sina habari nacho," alisema. Lakini kuimba, hapana. Nassor naye alitaka nyimbo ziwe tayari kupigwa Sikukuu, watu wote wakiwa viwanjani na nguo mpya. Basi ikabaki siku ya vunja jungu, ile siku ya mwisho watu wanakula na kufurahi kabla ya mfungo. Siku hiyo, au basi.

Asubuhi ya siku yenyewe Nassor alinivuta pembeni ya ngazi. "Mwana, nshapata mwimbaji Dar. Kama Rukia leo hakuweza, nautuma wimbo uimbwe huko."

"Wimbo wa mama yake?"

"Wimbo wa bendi."

"Umeshamwambia?"

Akatazama viatu vyake. "Nshamwambia."

Nikamkuta Rukia kakaa jikoni kwa Bi Zamzam, kikombe cha chai mbele yake kimepoa kimefanya utando. Hakuwa analia. Angelia ningejua la kufanya, mimi kwa kulia na watu ni hodari.

"Da Mwana," akaniambia, "mle ndani hamna mtu."

"Sisi tupo, nyuma ya kioo."

"Nyinyi mnanikagua. Hamna anayenitunza."

Wadogo zangu, huenda wengine wenu mmezoea muziki wa simuni tu, kwa hiyo nieleze. Kwenye taarabu, ubeti ukimchoma mtu hakai. Huinuka na kwenda kwa mwimbaji, polepole, anacheza kwa mabega, mpaka amtie kitu mkononi. Huko ndiko kumtunza. Watu hudhani ni habari ya pesa. Mwimbaji anajua ni jibu: neno lako limenifika. Naye akitunzwa hurudia mstari ule ule, kwa ajili ya yule aliyekuja.

"Mtu asiponitunza," akasema Rukia, "mie nitajuaje kama nimesema? Siwezi kuuimbia ukuta."

Nikapanda juu nikamwambia Mzee Vuai. Akakuna kidevu, akasema tujaribu mara moja tena. Nassor akabonyeza ngoma zake za kompyuta, Rukia akaanza, vilevile, tangazo.

Sasa, Bi Zamzam alikuwa anapanda ngazi kuja kutukumbusha saa. Alikuwa amejipamba kwa vunja jungu, bangili mpaka kiwiko, asumini kifuani. Mlango wa chumba cha kuimbia, kwa joto, tulikuwa tumeuacha wazi kidogo. Akafika mlangoni pale pale Rukia anaposema chumvi iko mikononi. Na Bi Zamzam mama yake naye aliwahi kulima mwani, Jambiani, hilo sisi hatukulijua.

Nilimwona kupitia kioo. Aliganda. Kisha mabega yakaanza. Akaingia ndani ya chumba cha kurikodia, taa nyekundu inawaka, anacheza kidogo kidogo kwa adabu zote, bangili zinalia *chele chele chele*, akatoa noti kifuani, akamtia Rukia kiganjani, akapiga kigelegele mbele ya kipaza sauti. Sindano za mitambo zililala upande wa pili. Mimi nilirusha hedfoni.

Lakini Rukia! Alishika ile noti, akamtazama Bi Zamzam machoni, akarudia ule mstari. Na sauti ikafunguka. Sijui niwaambieje. Kama mlango wa nyumba iliyokuwa na watu siku zote. Akarudia tena. Ngoma za kompyuta zikampita, zikenda zao, zikamaliza wimbo peke yao, yeye bado yuko kwenye chumvi.

"Khaa! Bi Zamzam!" Nassor kashika kichwa. "Umetuharibia!"

"Nimeharibu nini? Mtoto anasema na mimi, nimnyamazie?"

Mzee Vuai alikuwa anacheka mpaka miwani imemshuka. "Ndiyo hiyo sauti," akasema. "Ndiyo hiyo hiyo. Mwana, shuka chini kawaite wanawake."

Chini jikoni walikuwepo jirani zake Bi Zamzam, wanapika pamoja kwa ajili ya mchana ule. Nikawapandisha, wengine mikono ina unga. Mzee Vuai akawapanga ukutani na kuwapa masharti kama mwalimu wa madrasa. Viatu nje. Bangili nje, zote, na pete zinazogongana. Mabuibui ya kitambaa kinachochakarika nje, wabaki na kanga. Na hakuna noti, kwa sababu noti mpya karibu na kipaza sauti inalia kama moto wa makuti.

"Sasa nimtunze nini?" Bi Zamzam akauliza. "Hewa?"

Akajitazama kifuani, akafungua kikuba chake cha asumini, akakivunjavunja akamgawia kila mmoja maua. Ua halipigi kelele.

"Na vigelegele," Mzee Vuai akamalizia, "hapana. Mpaka niteremshe mkono."

Hapo pakawa na manung'uniko. Kumzuia mwanamke wa Unguja kigelegele na ubeti umeshamchoma! Mmoja akasema haahidi. Bi Zamzam akachukua mtandio akajifunga mdomo, akatuonyesha kwa mkono kwamba yeye yuko tayari.

Likabaki tatizo la Nassor. Rukia akitunzwa atarudia, na ngoma za kompyuta hazimngoji mtu. Mzee Vuai akamwambia azizime, aingie na kinanda ndani, amfuate mwimbaji kama wapigaji wa taarabu wanavyofuata.

"Mzee, biti ile nimeifanyia kazi mwezi mzima!"

"Nzuri sana," Mzee Vuai akasema.

"Wimbo utakuwa mrefu. Nani ataskiza wimbo mrefu namna hiyo?"

Bi Zamzam akashusha mtandio. "Mwanangu Nassor, hiyo biti yako nani kaitunza?" Akaupandisha tena.

Nikadhani Nassor ataondoka. Kisha akakibeba kinanda chake mwenyewe akaingia ndani, akakiweka mahali anapoweza kuyaona mabega ya Rukia. Nataka mlijue hilo, kwa sababu sifa za albamu ile watu humpa Rukia, na ni haki yake. Lakini kuzima kitu ulichokipenda ili mwenzio asikike, hiyo pia ni kazi ya muziki, na nilimshukuru Nassor siku ile kuliko siku aliyonilipia chakula cha harusi yangu.

Taa nyekundu ikawaka. Rukia akaanza chini chini. Ubeti wa kwanza hakwenda mtu. Ubeti wa pili, mama mmoja mnene aliyekuwa na unga mikononi akajitoa ukutani, hana sauti kabisa, peku, anacheza kama anayepita juu ya maji, akamtia ua kiganjani. Rukia akarudia. Nassor akamngoja. Akaja mwingine. Ubeti wa mama ulipofika walikuja kwa mstari, na Bi Zamzam mbele, machozi yanaingia kwenye mtandio, na mle ndani husikii ila sauti ya Rukia, kinanda, na wayo mmoja mmoja juu ya mkeka. Mimi mkono wangu ulikuwa kwenye mitambo na sikuhitaji kugusa chochote. Nilikaa tu nikashukuru kwamba masikio yangu yote mawili yalikuwa mazima siku hiyo.

Wimbo ukaisha. Wanawake wakamtazama Mzee Vuai. Mkono wake bado uko juu. Wakangoja. Bi Zamzam akatoa macho. Mkono uko juu tu, mzee analia, kasahau. Kikapita kimya kirefu, mpaka nikamgusa bega akaushusha, na vigelegele vilivyotoka mle, wallahi, kunguru wa juu ya bati waliruka wote.

Nassor alitaka kukikata kile kimya. Alikaa nacho, akakisikiliza tena na tena kwa hedfoni mfungo ulipoingia, akakiacha.

Rukia aliimba wimbo wake mwenyewe, na kwenye albamu ukatoka na jina lake. Sikukuu ilipofika wimbo uliopigwa kila kona ulikuwa ule mrefu. Bendi ikaitwa Dar, ikaitwa Mombasa, wazee wa barazani wakaanza kusema wimbi jipya letu. Hayo mnayajua, mlikuwa watoto mkiyaimba.

Hili hamlijui. Baadaye kidogo nilialikwa harusi Mkokotoni. Hakukuwa na bendi, walikodi spika kubwa mbili, wakazisimamisha pembeni ya mkeka wa bibi harusi. Ukaingia wimbo wa Rukia. Nikajifanya simo, nikala pilau. Ulipofika katikati, bibi mmoja mtu mzima, sijui ni nani wa nani pale, akainuka. Akaanza kutembea kwa mabega, polepole, watu wakampisha. Mimi nikatazama anakokwenda. Hapakuwa na mwimbaji. Akaenda mpaka kwenye spika, akavua asumini nyweleni, akaiweka juu yake kwa mikono miwili, akarudi akakaa.

Hakuna aliyecheka. Akainuka mwingine.

Nikatoka nje na simu nikampigia Rukia. Alikuwa safarini na bendi, nyuma yake kelele tupu. Nikamwambia wamekutunza Rukia, hupo na wamekutunza, wameijaza spika maua.

Hakuniuliza ni nani, wala ni wangapi.

"Da Mwana," akasema, "mstari gani?"

Nikamwambia: wa chumvi. Nikamsikia, pale kwenye simu, katikati ya kelele zote zile, anaurudia.